Aliyekula Hachunguzi

Wa kwanza kutapika alikuwa yule aliyejibu vizuri kuliko wote. Alitoka kwenye chumba cha usaili anatabasamu, tai imekaa sawasawa, akapiga hatua nne kwenye korido, kisha akashika ukuta na kumwaga chai yote ya asubuhi mbele ya viatu vya wenzake. Ilikuwa saa saba kasoro dakika ishirini mchana. Kufika saa saba na robo watu kumi na tisa walikuwa wameshika matumbo, na foleni ya choo ilikuwa ndefu kuliko ile ya usaili.

Hawa hawakuwa watu wa hivi hivi. Walikuwa waombaji arobaini na mmoja, kila mmoja na shahada yake ya uzamili ya magonjwa ya kuambukiza, na walikuja kugombea nafasi moja tu: afisa wa milipuko wa idara ya afya, yaani mtu anayetumwa mbio pale ugonjwa unapozuka ili atafute ulikoanzia. Ungedhani ugonjwa ungeona haya kuingia kwenye ukumbi kama ule. Wapi. Uliingia kama kwao.

Nao, badala ya kulala chini kama wagonjwa wengine, walianza kuchunguzana. Mmoja anatapika kwenye ndoo huku anamuuliza jirani yake, "Wewe umeanza saa ngapi?" Jirani anajibu, "Mimi siumwi, ni wasiwasi wa usaili tu," halafu naye anainama. Kila mtu alikuwa daktari wa mwenzake, mgonjwa hakuna. Mganga hajigangi, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kuona waganga arobaini wakiwa kwenye korido moja.

Mtu mmoja tu hakumuuliza mwenzake swali. Alikuwa mwanamke aliyesimama nyuma ya meza ya chai, birika mkononi. Huyo ndiye aliyepika.

Mtaani kwao walimwita Masta, na halikuwa jina la heshima. Alisoma shahada hiyo hiyo ya uzamili, akahitimu, akazunguka na bahasha miaka minne mpaka soli za viatu zikaisha, akaishia jikoni kwa mama yake, kupika chakula cha mikutano na semina. "Masta, leo vijidudu mnauzaje?" majirani humtania akipita na sufuria. Jiko hilo ndilo lililomsomesha, na sasa ndilo lililokuwa likimlisha. Hata nafasi hii ya afisa wa milipuko aliiomba. Alijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba hana uzoefu. Wiki moja baadaye ofisi ile ile ikapiga simu, sauti nyingine, ikiomba chai ya watu arobaini na wanne. Yeye alitaka kukataa; mama yake akasema riziki haikataliwi. Basi siku ya siku akajifunga kitambaa hadi kwenye nyusi na barakoa hadi chini ya macho, ili wale aliosoma nao wasimjue.

Sasa alizitazama sahani za mikate ya kuku, zimebaki tupu. Chai ilinywewa saa nne na nusu. Watu walianza kutapika baada ya saa mbili tu, na hakuna hata mmoja mwenye homa. Ugonjwa unaokuja haraka namna hiyo husababishwa na sumu ambayo vijidudu wameshaiacha kwenye chakula, na vijidudu wa aina hiyo makazi yao ni vidonda vya mikono ya wapishi. Ukichemsha chakula tena, vijidudu wanakufa, sumu inabaki. Masta aliyajua hayo kuliko alivyolijua jina la babu yake, kwa kuwa aliandika kurasa mia na kumi juu ya hayo ili apewe shahada.

Akaiangalia mikono yake, nyuma na mbele. Mizima kabisa, haina hata mkwaruzo. Na jiko lao lilikuwa na wapishi wawili tu.

Mwenyekiti wa jopo la usaili, mama mtu mzima aliyekuwa ametisha watu tangu asubuhi, alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, ndoo ya takataka mapajani, simu sikioni.

"Tuleteeni afisa wa milipuko haraka," alisema.

Upande wa pili ukasema kitu.

"Najua nafasi iko wazi. Ndiyo ninayoifanyia usaili."

Wauguzi wa zahanati ya jirani walikuja na dripu, wakawalaza watu kwenye viti vilivyounganishwa. Wagonjwa wangepona, hilo lilionekana mapema. Lakini mlipuko wa watu wengi namna ile ulidai ripoti yenye saini ya mchunguzi kabla ya jioni, ili chanzo kizuiwe kisidhuru watu wengine. Wachache waliobaki wazima walinyoosha mikono wote kwa mpigo, maana waliona bahati imewaangukia.

"Nyie mmekula nini?" mwenyekiti akawauliza.

"Mayai tu, mama."

"Na chai."

"Basi kaeni. Aliyekula hachunguzi."

Ilikuwa sheria ya idara, ukurasa wa kwanza wa kitabu cha kazi: kila aliyeshiriki chakula anahesabiwa kati ya walio hatarini, awe anaumwa au haumwi, na saini yake haipokelewi. Penye miti hapana wajenzi. Ukumbi mzima wa wataalamu, na hakuna hata mmoja aliyeruhusiwa kushika kalamu.

Masta wakati huo alikuwa amepiga magoti kando ya mzee mmoja aliyelala kwenye viti viwili. Wauguzi walikuwa hawajamfikia. Alimnyanyua kichwa, akamnywesha maji ya sukari na chumvi kwa kijiko, na bila kufikiri akawa anamuuliza: umekula nini, saa ngapi, umeanza lini, kuna damu, wa kwenu wengine wanaumwa?

Mzee akafumbua macho. "Hayo maswali nimeyatunga mimi. Na huo mpangilio ni wangu."

Masta akaduwaa. Alikuwa mwalimu wake, yule aliyemfundisha miaka miwili, aliyesimamia zile kurasa mia na kumi. Kwanza alidhani amekuja kama mjumbe wa jopo. Kisha akaona karatasi iliyobandikwa kifuani kwake: mwombaji namba ishirini na saba. Alihisi kama amemkuta babake mzazi kwenye foleni ya kuomba msaada, na akaona aibu kuwa ameona.

"Shikamoo, mwalimu," akasema, kwa kuwa hakujua aseme nini.

"Marahaba," mwalimu akajibu, akainama kando, akatapika. Aliporudi akapaza sauti iliyobaki. "Mwenyekiti, mtu wako huyu hapa. Nimemfundisha mwenyewe. Na hajala."

Watu wakageuka. Masta akavuta barakoa chini, maana kujificha kulikuwa kumekwisha.

"Una shahada ya uzamili?" mwenyekiti akamuuliza.

"Ninayo, mama."

"Ya magonjwa ya kuambukiza?"

"Ndiyo."

"Mbona basi hukuomba kazi hii?"

"Niliomba."

Mwenyekiti akaangalia ndoo yake kwa muda. "Umekula chochote hapa leo?"

"Mpishi hali mpaka wageni wamalize. Na wageni walimaliza kila kitu."

"Lakini huyu ndiye mpishi," mmoja wa wale wazima akalalamika. "Anajichunguza vipi mwenyewe?"

Mwenyekiti akakifungua kitabu cha kazi, akasoma ukurasa wote kwa kidole, akakifunga. Sheria ilisema aliyekula hachunguzi. Juu ya aliyepika haikusema neno, kwa kuwa aliyeiandika hakuwaza kwamba mtu mwenye shahada ile anaweza kukutwa na birika. "Haimo," mwenyekiti akasema. "Kaa hapa, binti. Ukileta ripoti iliyonyooka, nafasi ni yako. Wote waliokuja kuichukua wamekula, wengi wamelala chini, na mimi sina nguvu ya kuwasaili tena."

Masta akapewa ubao, kalamu na fomu. Fomu ilitaka jina, umri, kazi, alichokula, saa aliyoanza kuumwa. Akaanza na yule wa kwanza, mwenye tai.

Alipomsogelea alimtambua. Darasani walimwita Darubini, kwa kuwa alikuwa na jicho ambalo lilikiona kijidudu kabla ya mwalimu. Miaka minne yote Masta alizitazama picha zake mtandaoni, koti jeupe, chupa za maabara nyuma yake, na maneno kwamba yuko nje kwa utafiti. Kila akizitazama alikwenda kumenya vitunguu kwa hasira.

"Kazi?" akamuuliza.

"Kwani hujui?"

"Fomu haijui."

Darubini akageuzia uso ukutani. "Nabadilisha vioo vya simu. Nina kibanda, siyo kibaya."

"Na lile koti?"

"La shemeji yangu. Ana duka la dawa. Zile ndizo chupa zake."

Masta akaandika: fundi simu. Hakucheka. Wivu wa miaka minne ulimtoka papo hapo, na mahali ulipokuwa pakabaki uchungu asioutarajia.

Akaenda kwa wa pili, wa tatu, wa kumi. Kwenye alichokula walijibu upesi, kwenye saa walijibu kwa dakika, maana ni watu wa kazi hiyo. Wakifika kwenye kazi walikohoa. Mmoja alikuwa wakala wa bima. Mwingine alifundisha biolojia kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja. Mmoja aliuza mitumba mtandaoni, na alikuja na suti kutoka kwenye mzigo wake. Karani wa mapokezi hotelini. Dereva wa lori la saruji. Dada mmoja aliyewahi kupata tuzo ya chuo alisema, "Andika nakaa na watoto wa kaka yangu." Wanne walisema wanajitolea hospitalini; mmoja alikuwa na mwaka wa tano anajitolea, na bado aliambiwa hana uzoefu. Safu ya kazi ilijaa mpaka chini, na kazi waliyosomea, yenye mshahara, ilikuwamo mara mbili tu. Masta akaitazama safu ile, akashindwa kuamini kwamba usiku mwingi aliolia akijiona ndiye pekee aliyefeli, hawa nao walikuwa wanalia vyumbani mwao.

Akarudi kwa mwalimu. Zamu yake ilikuwa imefika.

"Kazi, mwalimu?"

"Walifunga idara mwaka jana. Wanafunzi waliacha kuja. Walisikia hakuna ajira." Akafumba macho. "Na walisikia kweli. Andika hana kazi."

Kalamu ilikataa. Kisha ikaandika.

Ilipofika saa tisa alikuwa na majibu ya wote arobaini na wanne, waombaji pamoja na wanajopo. Akayapanga. Waliokula mikate ya kuku, thelathini na saba; walioumwa kati yao, thelathini na sita. Waliokula mayai bila mikate, saba, aliyeumwa, hakuna. Maji ya ukumbi waliyanywa wote. Hata mtoto wa shule angeona. Na mikate hiyo aliijaza mtu mmoja tu, alfajiri, wakati Masta anapanga vikombe na chupa za chai kwenye maboksi.

Mwalimu alikuwa anamtazama. Akamwita kwa kidole, akamshika mkono, akamwinamisha sikio.

"Nani alijaza mikate?"

"Mama."

"Maji ya ukumbi huu hayajapimwa miaka na miaka, nimemuuliza mlinzi. Andika maji. Nani atabisha? Karibu wote wanaoweza kubisha wana dripu. Utapata kazi, na mama yako atabaki na jiko lake."

Masta hakuamini masikio yake. Mtu huyu aliwahi kuangusha nusu ya darasa kwa sababu waliacha mstari mmoja kwenye jedwali. Alimfundisha kwamba takwimu haina ndugu. Sasa alikuwa amelala kwenye viti viwili, soksi moja imetoboka, anamfundisha kusema uongo, na kibaya zaidi, alikuwa anafanya hivyo kwa kumpenda. Na kibaya kupita hicho, Masta alitamani kumsikiliza.

"Wale saba walikunywa maji hayo hayo, mwalimu."

"Najua."

"Na kesho asubuhi tuna oda ya chekechea. Watoto sitini, mikate ile ile. Mama anaandaa sasa hivi." Aliposema hivyo ndipo maneno yalipomfikia yeye mwenyewe. Mtu mzima akipoteza maji vile anawekewa dripu. Mtoto wa miaka mitatu je?

Mwalimu akauachia mkono wake. "Basi unangoja nini?"

Masta akapiga simu nyumbani. Ikaita mpaka ikakatika, kwa kuwa mama yake hapokei simu akiwa na mikono kwenye chakula. Akaandika mstari wa mwisho wa ripoti akiwa amesimama: chanzo ni mikate ya kuku kutoka jiko la mama mzazi wa mchunguzi, jiko lifungwe leo. Akasaini. Mwenyekiti aliusoma mstari ule mara mbili, akamtazama. Akamwita dereva wa idara aje na sanduku la vipimo.

Mama alikuwa jikoni, bakuli kubwa la kuku wa kuchambua mbele yake, mikate imepangwa mezani safu sita. Kidole gumba cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa.

"Umewahi," akasema. "Walikula?"

"Walikula wote. Mama, sogea hapo kwenye bakuli. Nionyeshe mkono."

Mkono ukaingia chini ya aproni. "Kopo lilinikata. Siku ya tano leo, kunapona."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenizuia kupika. Ninavyokujua na hayo masomo yako." Mama akainua macho. "Oda ile nilikuwa naililia mimi, wewe hukuitaka. Nilijua ni ofisi ile iliyokukataa. Nikasema, wanywe chai yetu, wafurahi, wamwone mwanangu alivyo. Nilitaka wakuone tu."

Masta akajikaza kisabuni. Akavaa glovu, akafungua kitambaa. Chini yake palikuwa na usaha wa manjano kuzunguka ukucha. Akachukua kijiti chenye pamba, akakipitisha juu ya kidonda taratibu, akakitia kwenye chupa yake. Mama hakuuliza ni cha nini. Alikuwa anamtazama dereva aliyesimama mlangoni na utepe wa kufungia jiko.

"Watu thelathini na sita, mama," Masta akasema. "Wanatapika tangu saa saba."

Mama akakaa kwenye kreti la mayai. "Kuna aliyekufa?"

"Hakuna. Hakuna atakayekufa."

"Miaka ishirini na sita nalisha watu kwa mikono hii." Akaigeuza mikono yake, akaiangalia kama ya mtu mwingine. "Na kesho nilikuwa nawapelekea watoto."

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Masta. Ulikuwa ujumbe wa mwenyekiti: nafasi ni yako, mkataba wa miezi mitatu, baada ya hapo tutaangalia, anza kesho. Mama akauliza ni nini, na Masta akasoma maneno matatu ya mwanzo. Mengine akayaacha ndani ya simu.

"Kazi ya shahada yako ile?"

"Ndiyo, mama."

Mama akalia. Ilikuwa furaha na ilikuwa aibu, vyote kwa pamoja, na alijifuta kwa mkono ule mzima. Akasimama mwenyewe, akaibeba mikate safu baada ya safu kwenda kuimwaga kwenye pipa, hakutaka kusaidiwa. Kisha akatoka nje, na dereva akabandika karatasi mlangoni na kuvuta utepe kutoka kitasa hadi dirishani. Karatasi ilisema jiko limefungwa hadi kidonda kipone na vyombo vipimwe. Haikusema kwamba hata likifunguliwa hakuna ofisi wala shule itakayoagiza tena, lakini Masta alilijua hilo, na alipomtazama mama yake akaona analijua pia. Sehemu ya mchunguzi akasaini Masta. Sehemu ya mwenye jiko akasaini mama.

Majirani walikuwa wamesogea, midomo wazi, wanaisoma karatasi. Hakuna aliyetania. Mama akawageukia na kunyoosha mgongo.

"Mwanangu ameajiriwa," akawaambia. "Leo hii. Anaanza kesho."

Wakampa hongera kwa sauti za chini, wakitazama mlango. Mmoja mmoja wakaondoka. Dereva akaingia garini kumsubiri Masta, maana sampuli ilitakiwa ifike maabara kabla haijafungwa.

Mama akamvuta mkono kando. Tangu Masta amjue, mwanamke huyu aliamka saa kumi alfajiri, Jumapili na siku za msiba, ili moto uwake mapema.

"Eti," akamuuliza kwa sauti ya mtu anayeomba kuelekezwa njia, "mimi kesho niamke saa ngapi?"

Masta alikuwa ameuliza watu maswali tangu mchana. Akaushika mkono wa mama yake, ule wenye kidonda, na hakuuachia hata dereva alipopiga honi.